Mpangaji tajiri, mwenye nyumba maskini: jinsi takwimu za makazi zinavyotuchanganya

Aprili 2013, Benki Kuu ya Ulaya ilitoa matokeo ya utafiti wake wa kwanza kuhusu mali za kaya katika nchi zinazotumia sarafu ya yuro. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwezi mmoja tu kabla, Cyprus ilikuwa imekubaliwa mkopo wa kuiokoa isifilisike, na aliyebeba mzigo mkubwa katika mikopo ya aina hiyo alikuwa Mjerumani. Sasa utafiti ukaja na habari hii: ukizipanga kaya zote za Ujerumani mstari mmoja, kuanzia fukara mpaka tajiri, ukaichukua ile iliyosimama katikati, mali yake baada ya kutoa madeni ni yuro 51,400. Ukifanya hivyo hivyo Cyprus, unapata yuro 266,900. Hispania ni 182,700. Hata Ugiriki, iliyokuwa haina pa kushika, kaya ya katikati ilikuwa na karibu mara mbili ya ile ya Ujerumani.

Wajerumani walihamaki, na si ajabu. Kama takwimu hizo ni za kweli, maskini alikuwa anamlipia tajiri deni.

Namba hazikuwa za uongo. Ila ndani yake mlikuwa na mafundo matatu. La kwanza, ni asilimia 44 tu ya kaya za Ujerumani zilizokuwa zinaishi katika nyumba zao wenyewe, ilhali Hispania zilikuwa asilimia 83, na kwa mtu wa kipato cha kawaida nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote. La pili, haki ya kulipwa pensheni ya serikali haikuhesabiwa kama mali, na Mjerumani wa kawaida anaitegemea pensheni hiyo uzeeni kuliko akiba ya namna nyingine yoyote. La tatu ndilo lililosahaulika zaidi: utafiti ulihesabu kaya, haukuhesabu vichwa. Kaya ya Ujerumani ilikuwa na watu wawili na kidogo, ya Cyprus karibu watatu. Ukiweka mishahara na urithi wa watu watatu kwenye kapu moja, kapu lazima lionekane limejaa. (Na takwimu za Hispania zilikusanywa 2008 na 2009, kabla bei za nyumba hazijaporomoka sawasawa. Lakini hilo ni fundo dogo.)

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Takwimu za umiliki wa nyumba ni mlango, na wengi huishia hapo hapo: Waromania karibu wote wana nyumba zao, Waswisi wengi wamepanga, basi kila taifa na utamaduni wake. Mimi neno hilo “utamaduni” silikatai, ila naona huwekwa mwanzoni mwa maelezo wakati mahali pake mara nyingi ni mwishoni. Sheria, vita, kodi na mikopo hutangulia, watu huzoea, wajukuu wao wakiulizwa hujibu kwamba kwetu ndivyo tulivyo.

Hadithi ya deni na hatia

Tuanze na Mjerumani huyo huyo. Maelezo yanayopendwa ni kwamba anaogopa madeni, na ushahidi hutolewa kwenye lugha yake: kwa Kijerumani, deni na hatia vinatokana na neno moja, Schuld. Hoja tamu. Lakini vuka mpaka uingie Uholanzi. Kiholanzi nacho kinatumia neno lile lile, schuld, kwa maana zile zile mbili, na Waholanzi ni miongoni mwa watu wenye mikopo mikubwa ya nyumba kuliko wote Ulaya. Kwa muda mrefu sheria yao ya kodi imemruhusu mwenye mkopo wa nyumba anayoishi kupunguza riba anayolipa kutoka kwenye kipato kinachotozwa kodi. Ukikopa, serikali inakusaidia kubeba. Wakakopa. Hatia haikuwazuia.

Ujerumani ilitoka vitani 1945 ikiwa imepoteza karibu nyumba moja katika kila tano. Juu ya hapo walikuja Wajerumani wapatao milioni 12 waliofukuzwa au kukimbia kutoka maeneo ya mashariki. Watu walibanana vyumbani na wasiowajua, jiko moja familia tatu. Kungoja kila mtu adunduize ajenge yake kusingewezekana. Sheria ya ujenzi wa makazi ya 1950 ya Ujerumani Magharibi ikachukua njia nyingine: serikali ilitoa mikopo nafuu na misamaha ya kodi kwa yeyote aliyejenga nyumba za kupangisha, awe kampuni, chama cha ushirika au mtu binafsi, kwa sharti kwamba kodi ya pango ingebaki chini kwa kipindi kilichowekwa. Nyumba hizo hazikulengwa kwa mafukara peke yao. Karani, mwalimu na fundi mwenye mshahara mzuri waliingia humo, wakalea watoto humo, na hakuna aliyewacheka.

Nyumba zikapatikana. Kilichobaki ni usalama wa anayekaa. Tangu miaka ya 1970 mwenye nyumba nchini humo hawezi kumtoa mpangaji kwa sababu tu amemchoka. Ni lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, kwa mfano kwamba anaitaka nyumba aishi mwenyewe au aishi ndugu yake wa karibu. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anampokea mpangaji pamoja na mkataba wake. Kodi ya mpangaji aliyekwisha ingia haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya miaka mitatu, na katika miji yenye uhaba kiwango hicho hushushwa hadi 15. Upande wa pili, anayetaka kununua hutozwa kodi ya uhamisho ya asilimia 3.5 hadi 6.5, kutegemea jimbo, na riba ya mkopo wa nyumba anayoishi haimpunguzii kodi ya mapato. Anayenunua ili apangishe ndiye anayeruhusiwa kuihesabu riba kama gharama ya biashara.

Weka yote hayo kwenye mizani halafu uulize nani mwenye akili timamu angekimbilia kununua. Mpangaji wa Kijerumani huingia kwenye nyumba ambayo mara nyingi haina jiko: mabomba yamechomoza ukutani, basi. Sinki, makabati na meza ya kukatia mboga anakuja navyo mwenyewe, na akihama anavifungua skrubu moja moja. Mtu hafanyi hivyo mahali anapotarajia kufukuzwa mwakani.

Hispania ilipita njia iliyofanana kwa mbali, ikatokea kwingine kabisa. Utawala wa dikteta Franco uligandisha kodi za pango na, kwa sheria ya 1946, ukampa mpangaji haki ya kuendelea kukaa bila kikomo na kuwaachia warithi wake mkataba. Kwa maneno matupu, hakuna mpangaji duniani aliyelindwa kuliko huyo. Ila bei za vitu zilipanda mwaka hadi mwaka, kodi ikabaki pale pale mpaka ikawa haitoshi kununua rangi ya mlango. Wenye nyumba wakaacha kukarabati, wakaacha kujenga za kupangisha, mwisho wakaziuza chumba kwa chumba. Mwaka 1957 iliundwa wizara ya makazi, na waziri wake wa kwanza, José Luis de Arrese, akaisema nia bila kuficha: anataka nchi ya wamiliki, si ya makabwela. Kwa Kihispania maneno hayo mawili yana vina, propietarios na proletarios, na ndiyo maana yamekumbukwa. Katikati ya karne ya 20 nusu hivi ya kaya za Hispania zilikuwa zinamiliki. Karne ilipoisha zilikuwa zaidi ya nne katika kila tano. Sasa upo msemo huko kwamba kupanga ni kuitupa hela. Bibi anamwambia mjukuu kana kwamba ni busara ya mababu. Babu yake huyo bibi alikuwa mpangaji.

Angalia kwamba serikali zote mbili zilimdhibiti mwenye nyumba. Moja ilimwachia faida ndogo ya uhakika, nyingine ilimkausha. Ubishi kuhusu udhibiti wa kodi za nyumba ungepungua nusu kama wabishi wangekubali kwanza kutaja wanazungumzia udhibiti wa aina gani.

Wamiliki wa usiku mmoja

Romania inaongoza Umoja wa Ulaya: takriban asilimia 95 ya watu wake wanaishi katika nyumba zinazomilikiwa na kaya zao. Ujerumani ni nusu hivi, na Uswisi, iliyo nje ya Umoja, ni chini ya hapo. Yaani mojawapo ya nchi maskini zaidi katika orodha iko kileleni na mojawapo ya nchi tajiri zaidi iko mkiani. Siri haiko mbali. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka Desemba 1989, serikali ilikuwa na maghorofa mengi isiyotaka kuyatunza, ikawauzia waliokuwamo kwa bei ya kutupa. Mfumuko wa bei wa miaka iliyofuata ukaimeza hata mikopo midogo waliyokopeshwa. Mtu alilala mpangaji wa serikali, akaamka mmiliki, kwenye kitanda kile kile. Na hawakupata nafasi zaidi kwa kupata hati: kwa vipimo vya Umoja wa Ulaya, kiasi cha Waromania wanne katika kila kumi wanaishi kwa kubanana, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa huko.

Uingereza ilifanya jambo la jamaa hiyo kwa hiari yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, zaidi ya robo tatu ya kaya zake zilikuwa zimepanga, wala hakuna aliyesema kwamba Mwingereza amezaliwa na kiu ya kumiliki. Sheria ya 1980 ya serikali ya Margaret Thatcher iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo lililoanzia theluthi moja ya bei. Karibu nyumba milioni 2 ziliuzwa kwa miaka iliyofuata. Halafu sehemu kubwa ya nyumba hizo, hasa za London, ikauzwa tena na kuangukia mikononi mwa wanaopangisha. Ghorofa lile lile likarudi kuwa la kupanga, safari hii kwa kodi ya soko.

Singapore ndiyo iliyonyoosha mambo kuliko wote. Bodi ya makazi ilianzishwa 1960, mpango wa kuwauzia wananchi ukaanza 1964, na 1968 watu wakaruhusiwa kutumia michango yao ya lazima ya akiba ya uzeeni kulipia nyumba. Leo wakazi wanne katika kila watano wanaishi kwenye maghorofa ya bodi hiyo, na kaya tisa katika kila kumi za wakazi zinahesabiwa kuwa na nyumba zao. Lakini wanachomiliki ni haki ya kukaa miaka 99. Ikiisha, nyumba inarudi serikalini.

Na si kila mtu anauziwa. Kwa kawaida anayeomba nyumba mpya ya bodi anatakiwa awe na familia: mume na mke, wachumba, mzazi na mtoto. Asiye na mwenzi husubiri mpaka afikishe miaka 35. Ndiyo maana kuna utani wa miaka mingi huko kwamba kijana hamwulizi binti “utakubali nikuoe?” bali “tukaombe nyumba?” Sheria ya makazi imeingia kwenye uchumba. Atakayekuja kuandika miaka 50 ijayo kwamba Wasingapore wana desturi ya kuoana kwa kuchukua fomu, atakuwa amesema kweli, na atakuwa hajaeleza kitu.

Kumiliki nini hasa?

Neno “kumiliki” linabeba mizigo minne kwa pamoja: haki ya kukaa bila kufukuzwa, haki ya kugeuza jengo utakavyo, haki ya kuuza, na haki ya kurithisha. Tumezoea kudhani zote nne zinakwenda kwa mmiliki na mpangaji haachiwi hata moja. Uchina ardhi ya mjini ni ya dola. Mwenye nyumba ana haki ya kutumia kiwanja kwa miaka 70. Uingereza, wengi walionunua ghorofani wamenunua muda, jengo lenyewe lina mwenyewe mwingine anayewatoza ada. Halafu tazama Vienna, mji mkuu wa Austria, ambako nusu hivi ya wakazi wanaishi katika nyumba za manispaa au za vyama vya ushirika visivyotafuta faida, utaratibu uliojengwa na serikali ya jiji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa fedha za kodi maalumu iliyowaelemea zaidi wenye majumba ya kifahari. Mpangaji wa huko ana mkataba usio na mwisho, na akifariki, mwenzi au mtoto aliyekuwa akiishi naye anaweza kuingia kwenye mkataba ule ule. Hawezi kuuza. Mengine karibu yote anayo.

Korea Kusini ina kitu ambacho hakiingii kwenye kisanduku chochote. Kinaitwa jeonse. Mpangaji anampa mwenye nyumba fungu kubwa la fedha kwa mkupuo, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, halafu anakaa, kwa kawaida miaka miwili, bila kulipa kodi ya mwezi hata senti moja. Muda ukiisha anarudishiwa fedha zake zote. Faida ya mwenye nyumba ni kuzitumia zile fedha wakati huo. Ni kupanga, ama ni kumkopesha mwenye nyumba ukakaa kwenye rehani? Mfumo huo ulistawi wakati riba za benki zilipokuwa juu na mikopo ya nyumba migumu kupata. Bei za nyumba zilipoanza kushuka 2022, wenye nyumba wengi walishindwa kurudisha, wengine walikuwa matapeli tangu mwanzo, na vijana walipoteza akiba yao yote ya ujana.

Chungu au mlango

Kwenye ukubwa wa kaya mkanganyiko unaanza mapema zaidi, kwenye neno lenyewe. Kiswahili kinajua hilo vizuri. Tukisema bwana fulani ana nyumba mbili, msikilizaji hana hakika kama tunazungumzia matofali au wake, na tukisema ana nyumba ndogo, hakuna anayeuliza ina vyumba vingapi.

Wahesabu watu nao wamegawanyika. Wapo wanaohesabu chungu: kaya ni wale wanaokula pamoja na kuchangia matumizi. Wapo wanaohesabu mlango: Ufaransa, kwa mfano, wote wanaoishi katika makazi mamoja ni kaya moja, wawe ndugu au wasijuane. Wanafunzi wanne wanaochangia ghorofa, kila mmoja na sufuria yake, ni kaya moja kwa kuhesabu mlango na kaya nne kwa kuhesabu chungu. Senegal, ambako wastani wa kaya ni takriban watu wanane, ua mmoja unaweza kuwa na kaya zaidi ya moja, kila moja na mkuu wake, huku watoto wakizunguka humo bila kuuliza mpaka uko wapi. Unapomlinganisha Msenegali na Mjerumani unalinganisha maisha mawili, na pia namna mbili za kuchora mstari.

Halafu kuna hila ya wastani. Chukua nyumba kumi. Tisa zina watu wawili wawili, moja ina watu 12. Jumla ni watu 30, wastani watatu kwa nyumba. Lakini waulize hao 30 mmoja mmoja wanaishi katika nyumba ya watu wangapi, kisha utafute wastani wa majibu: unapata sita. Wastani wa nyumba ni watatu, wastani wa maisha ya watu ni sita, na hakuna aliyekosea hesabu. Ujerumani, kaya mbili katika kila tano ni za mtu anayeishi peke yake. Ukisoma haraka unaona taifa la wapweke. Kwa hesabu ya vichwa, hao ni mtu mmoja katika kila watano.

Kuhusu ukubwa wa kaya, utamaduni una nguvu zaidi, na hapa nalegeza msimamo wangu wa mwanzo. Mwanahistoria Peter Laslett na wenzake wa Cambridge walipekua orodha za wakazi wa parokia za Uingereza wakitarajia kukuta familia kubwa za zamani, babu na wajukuu chini ya dari moja. Hawakuzikuta. Wastani ulikuwa watu 4.75 hivi kuanzia mwishoni mwa karne ya 16 mpaka karibu na karne ya 20, yaani karne nyingi kabla ya mkopo wa nyumba wa aina tunayoijua. Mwaka 1965 mtaalamu wa takwimu za watu, John Hajnal, alichora mstari kwenye ramani ya Ulaya kutoka Saint Petersburg, Urusi, mpaka Trieste, Italia. Magharibi ya mstari huo, kwa karne kadhaa, watu walichelewa kuoa, wengine hawakuoa kabisa, na walipooana walianzisha makazi yao. Ujanani walikuwa wametumikia kwenye nyumba za watu wengine wakidunduiza. Mashariki yake waliolewa mapema na kuingia kwenye nyumba iliyokwisha simama, chini ya baba mkwe. Upande mmoja nyumba ni sharti la ndoa. Upande mwingine ndoa ni njia ya kuongeza mikono nyumbani. Tofauti hiyo hakuna waziri aliyeibuni.

Lakini hata hapo sheria inapenyeza mkono. Kijana wa Finland huondoka kwao akiwa na wastani wa miaka 21 na ushei. Wa Italia na Hispania akiwa na 30 hivi. Wa Croatia zaidi ya hapo. Watu hueleza tofauti hiyo kwa joto la mama wa Mediterania. Joto lipo, sikatai. Ila Finland kijana anakuta makazi ya wanafunzi na posho ya kodi ya nyumba, na Hispania anakuta soko lililokaushwa tangu enzi za Franco, ajira za mkataba mfupi, na ushauri wa bibi kwamba asitupe hela kwa kupanga. Basi anakaa chumbani kwake mpaka aweze kununua. Kaya inaandikwa ina watu wanne, mmoja wao ana miaka 31, na mtafiti anaandika “familia za huko zimeshikamana.”

Kaya zinavyopungua ukubwa, majengo yanahitajika zaidi. Watu 1,000 wakiishi watano watano wanahitaji nyumba 200. Wakiishi wawili wawili wanahitaji 500. Ndiyo sababu nchi yaweza kuwa na idadi ya watu isiyoongezeka na bado vijana wake wakakosa pa kukaa, jambo ambalo wanasiasa hulieleza kwa kumtafuta mgeni wa kumlaumu.

Nyumba kama mtoto wa uzeeni

Mwanasosholojia Jim Kemeny, miaka ya 1980 mwanzoni, alitoa hoja ambayo imebishaniwa tangu hapo: kwamba nchi zenye umiliki mkubwa huwa na pensheni na huduma ndogo za dola, na kinyume chake. Mtu anayelipa mkopo mzito ujanani hapendi kukatwa kodi kubwa juu yake. Na akizeeka bila kodi ya pango, pensheni ndogo inamtosha. Si kila nchi inakaa vizuri kwenye kanuni hiyo. Lakini inaonyesha swali ambalo watu wanalijibu wanapochagua kati ya kununua na kupanga: nikishindwa kufanya kazi, nani atanibeba? Yapo majibu matatu ya kawaida, yaani dola, jengo, au watoto. Anayejibu dola anaweza kupanga mpaka afe. Anayejibu watoto anahitaji nyumba yenye nafasi ya wao kurudi, au nafasi kwao. Umiliki, pango na ukubwa wa kaya, vitu ambavyo takwimu huviweka kwenye safu tatu mbalimbali, kwa mtu mwenyewe ni uamuzi mmoja.

Takwimu hizo pia zinadhani kila mtu ana kwake mahali pamoja tu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kwamba mijini karibu kaya nne katika kila tano zimepanga, wakati vijijini walio wengi wako kwenye nyumba zao. Ni rahisi kusoma hapo watu wa aina mbili. Mara nyingi ni mtu yule yule: anapanga chumba alipo na kazi, anajenga alikozaliwa, na kila aendako anaitwa mwenyeji kwa sababu tofauti. Fomu inauliza nyumba aliyolala usiku wa kuhesabiwa. Haiulizi nyumba atakayozikiwa.

Japani imeligeuza jambo hilo ndani nje. Mpaka Vita vya Pili vya Dunia sheria yake ilitambua ie, nyumba kwa maana ya ukoo: mkuu mmoja, mrithi mmoja, kwa kawaida mwana wa kwanza, anayechukua jengo pamoja na wajibu wa kuwatunza wazee na makaburi. Mabadiliko ya sheria ya kiraia ya 1947 yaliufuta mfumo huo na kuwapa watoto wote wa ndoa urithi sawa. Wastani wa kaya ukashuka kutoka watu zaidi ya wanne mwaka 1960 hadi 2.21 mwaka 2020, na kaya 38 katika kila 100 zikawa za mtu mmoja. Wakati huo huo soko la huko linaichukulia nyumba ya mbao karibu kama gari: inapoteza thamani tangu siku ya kwanza, na baada ya miaka 20 au 30 hivi kinachobaki na bei ni kiwanja. Hivyo hata hoja ya jengo kumbeba mtu uzeeni inayumba.

Utafiti wa serikali wa 2023 ulihesabu nyumba tupu milioni 9, karibu 14 katika kila 100 za nchi nzima. Baadhi ziliachwa na wazee waliofariki, warithi wakiwa watatu au wanne waliotawanyika mijini, hakuna anayetaka kuishi humo wala kulipia kuibomoa, kwa kuwa kiwanja kisicho na nyumba hutozwa kodi kubwa zaidi ya ardhi. Wengi hawakuandikisha hata jina. Kuanzia Aprili 2024 sheria inawalazimisha: aliyerithi ardhi au nyumba ana miaka mitatu ya kuiandikisha kwa jina lake, asipofanya hivyo bila sababu ya maana hutozwa faini. Kwa hiyo yuko mtu Tokyo, anaishi peke yake, kila mwezi analipa kodi ya chumba, na barua imekuja kumkumbusha kwamba ni mmiliki. Kwenye takwimu za makazi anaandikwa mpangaji, kaya ya mtu mmoja.